Kaunti Iko Tayari Kunilipa Nimlee Mama, Kaka Anasema Ni Aibu

Mpendwa Mshauri,

Assalamu alaykum. Mimi ni mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka mingi sasa naishi California pamoja na mwanangu wa kiume anayesoma sekondari na mama yangu mzazi, ambaye amevuka miaka sabini na mitano. Mama alikuja huku baada ya baba kufariki dunia. Ana grini kadi ya siku nyingi na bima ya afya ya Medi-Cal. Nakuandikia wewe kwa sababu jambo lenyewe siwezi kulizungumza na ndugu zangu, na marafiki nilio nao hapa wengi wanajuana na ndugu zangu.

Mama amepatwa na maradhi ya kusahau. Mwanzoni alikuwa akirudia habari moja mara mbili tatu, nasi tukacheka naye. Siku hizi hatambui mchana na usiku. Kuoga lazima nimwogeshe, kuvaa lazima nimvishe, na usiku namfunga nepi, jambo ambalo yeye na mimi hatulitaji kwa jina. Alfajiri moja aliamka kabla yangu, akatoka na kanga zake na ndara miguuni, akakutwa kituo cha basi akimwomba dereva ampeleke Ngamiani, barabara ya nane. Dereva alikuwa mtu wa huruma, akawaita polisi, nao wakamrudisha salama. Tangu hapo, nikienda kazini na mwanangu akiwa shuleni, mama namfungia ndani kwa komeo nililolitia upande wa nje wa mlango. Hakuna anayelijua hili ila mwanangu.

Kazi yangu ni katika nyumba ya wazee. Nawaogesha wakongwe wa watu, nawalisha, nawageuza kitandani wasipate vidonda. Mshahara huo ndio unaolipa kodi ya nyumba, na kila mwezi nakata fungu nalipeleka Tanga kwa ada za watoto wa kaka na mahitaji mengine ya nyumbani.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenieleza kwamba idara ya huduma za jamii ya kaunti ina mpango wa kuwalipa wanaowahudumia wazee majumbani mwao, na kwamba anayelipwa anaweza kuwa mtoto wa mzee mwenyewe. Nikaomba. Akaja afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mpole, akakaa kwenye kochi na kompyuta yake mapajani. Hakuja na mkalimani. Alipiga simu, akaiweka mezani, ikatoka sauti ya mwanamume anayesema Kiswahili. Sauti ile ikamwuliza mama kama anaweza kuoga peke yake, kama anawahi kufika chooni, kama anahitaji kuvishwa. Mama akauvuta mtandio wake, akakaa wima kama enzi zile alipokuwa kungwi wa mtaa mzima, na kila swali akalijibu vile vile: "Alhamdulillah, naweza." Kisha akainuka kwenda kumchemshia mgeni chai, nami nikamfuata mbio jikoni, nikakuta amefungulia gesi bila kuiwasha. Niliporudi sebuleni, afisa alikuwa ameshahamia maswali mengine. Sikumsahihisha mama. Ningewezaje kutamka mbele yake, na mbele ya sauti ya mwanamume, kwamba mama yangu anavaa nepi? Habari ya komeo nayo niliinyamazia kabisa, kwa hofu kwamba watasema namtesa, wamchukue, na mimi nifukuzwe hata kazi niliyo nayo.

Barua ya uamuzi imekuja. Wamempa saa chache tu kwa mwezi, za usafi wa nyumba, kufua na kupika. Kuoga, kuvaa na kwenda haja wameandika sifuri. Mwenzangu anasema nikate rufaa, kwa sababu mama angepewa saa anazostahili ningeweza kupunguza zamu zangu au hata kuacha kazi nikae naye.

Nikamweleza kaka yetu mkubwa aliye Tanga, nikidhani atafurahi. Akaniambia kwamba mama hauzwi kwa saa, kwamba radhi ya mzazi haitoki katika hazina ya Marekani, na kwamba kama nimechoka nimrudishe mama nyumbani, ambako mke wake na binti zake watamwangalia bure. Dada yetu aliye Maskati anasema nichukue fedha na nifunge mdomo.

Nikikata rufaa, itanibidi niyaanike ya mama na ya komeo mbele ya wageni. Nisipokata, nitaendelea kumfungia. Nikipokea malipo, kaka anasema thawabu zangu zimekwenda. Nikimrudisha Tanga, naogopa kwamba sitamwona tena akiwa bado ananitambua. Usingizi umenipotea. Nishauri.

Msomaji wako, California

MSHAURI ANAJIBU

Wa alaykumu salaam, dada yangu.

Kwanza pole. Unatoka kugeuza wazee wa watu kitandani, unarudi kumwogesha wako, na katikati kuna mtoto wa sekondari anayehitaji chakula na mtu wa kumwuliza habari za shule. Uchovu wa namna hiyo humfanya mtu aone kila njia imezibwa, na barua yako ina dalili hiyo: njia zote nne ulizozitaja umezifunga wewe mwenyewe katika sentensi ile ile uliyozitajia. Nakuomba tuzipitie tena polepole, kwa sababu naona baadhi yake hazijafungwa kama zinavyoonekana.

Nikikuelewa vizuri, mama yako anahitaji mtu wa kuwa naye wakati wote, na kwa sasa mtu huyo hayupo katika saa zako za kazi. Kaunti ina mpango unaoweza kusaidia kuliziba pengo hilo, lakini picha waliyopewa siku ya ukaguzi haikuwa picha ya mama unayeishi naye. Ili kuirekebisha unatakiwa useme mambo mawili ambayo yanakuumiza, moja kwa heshima ya mama na jingine kwa hofu yako. Juu ya hayo amekuja kaka na swali la aibu. Umeniuliza zaidi kuhusu kaka, lakini niruhusu nianze na komeo, kwa kuwa ndilo lisiloweza kusubiri.

Unajua, pengine kuliko mimi, kwamba mtu mwenye maradhi ya kusahau aliyefungiwa kwa nje hawezi kujiokoa moto ukitokea, na umeniandikia mwenyewe habari ya gesi iliyofunguliwa bila kuwashwa. Sikusemi kwa hilo. Ulimfungia kwa sababu alitoka, na angeweza kugongwa na gari kabla ya kumfikia yule dereva. Hata hivyo hatari ya barabarani umeipunguza kwa kuileta nyingine ndani, na hii ya pili inazidi kila siku inayopita. Kabla ya rufaa na kabla ya mazungumzo yoyote na Tanga, tazama kama kuna namna ya kuliondoa komeo lile: kengele ya mlangoni inayolia mlango ukifunguliwa wakati mwanao yupo, bangili yenye jina la mama na namba yako ya simu, valvu ya gesi inayofungwa kabla ya kuondoka, na kwa saa zako za kazi, mtu au mahali. Nitarudi kwenye hilo la mahali.

Sasa mpango wenyewe, kwa sababu naona uliusikia kazini kwa haraka haraka. Hapo California unajulikana kwa herufi IHSS (In-Home Supportive Services, yaani huduma za kumsaidia mtu nyumbani kwake). Fedha zake zinatoka serikali kuu, jimbo na kaunti, na kila moja ya kaunti 58 za jimbo hilo inauendesha kupitia idara yake ya huduma za jamii. Ni kwa mtu mwenye Medi-Cal anayeishi nyumbani kwake na si katika taasisi, akiwa na miaka 65 au zaidi, au ni kipofu, au ana ulemavu, na mtaalamu wa afya awe amethibitisha kwa fomu kwamba bila msaada huo hawezi kukaa nyumbani kwa usalama. Afisa anayekuja nyumbani hupima kazi moja moja, kuoga, kuvaa, kula, choo, kutembea, kufua, kupika, kusindikizwa hospitali, kisha kila kazi huandikiwa muda wake kwa wiki. Ndiyo maana yale majibu mafupi ya mama yaligeuka sifuri kwenye karatasi.

Kuna jambo moja katika mpango huu ambalo sikuliona katika barua yako, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko mengine. Katika IHSS mwajiri si kaunti. Kaunti inapima, inaidhinisha saa na kushughulikia malipo, lakini anayemchagua mhudumu, anayempangia kazi na anayeweza kumwachisha ni yule anayehudumiwa, yaani mama yako. Umeniandikia anavyosema kaka, anavyosema dada wa Maskati, anavyosema mwenzako wa kazini na alivyoandika afisa. Mama mwenyewe anasemaje? Najua hakumbuki vizuri, na huenda yapo mambo asiyoweza kuyaamua tena peke yake. Lakini wenye maradhi haya huwa na saa nzuri na saa mbaya, na wengi wao hubaki na utambuzi wa nani awaguse na nani asiwaguse muda mrefu baada ya tarehe na majina kupotea. Pengine mama anaona haya zaidi kuogeshwa na binti yake kuliko angeogeshwa na mwanamke mwingine wa makamo yake, na pengine ni kinyume chake. Hatujui, kwa kuwa swali hilo halijaulizwa kwa utulivu, pasipo simu mezani na mgeni kwenye kochi.

Nalisema hili pia kwa sababu linafungua mlango mwingine. Wewe umelichukulia jambo hili kana kwamba ama ulipwe wewe au hapana. Mhudumu anaweza kuwa mtu mwingine yeyote mama atakayemridhia, maadamu amejisajili, amepita uchunguzi wa alama za vidole na kuhudhuria maelezo ya awali. Huenda yupo mwanamke wa kwetu, jirani au mtu mnayeonana msikitini, anayetafuta saa za kazi na anayeweza kuzungumza na mama kwa lugha yake. Ungebaki na kazi yako, komeo lingetoka, na swali la kaka lingepungua makali. Au saa zigawanywe baina yenu wawili. Sikwambii kwamba hii ndiyo bora, maana mgeni ndani ya nyumba huja na wasiwasi wake na watu wa kuaminika hawaokotwi. Nakuonyesha tu kwamba ipo.

Nije kwenye kuyasema ya mama. Umedhani kwamba ili kusahihisha majibu yake lazima ukae naye ukumbini na kumkanusha. Sivyo. Unaweza kuzungumza na afisa kando, kwa simu, mama akiwa amelala. Unaweza kumwandikia. Katika hali ya mama yako, daftari la wiki moja ya kawaida lenye saa na kazi zake linaweza kueleza zaidi ya maneno yako yote: umemwamsha saa ngapi, umembadilisha mara ngapi, amekataa kula mara ngapi, ameamka usiku akitafuta mlango mara ngapi. Unaweza kumwomba daktari wake aandike. Kuhusu mkalimani, kaunti ina wajibu wa kumtoa bila malipo, na hakuna ubaya wowote kuomba mapema kwamba awe mwanamke na afike mwenyewe nyumbani. Huenda wasimpate, lakini ombi lako litaandikwa. Kukaa wima kwa mama mbele ya ile simu hakukuwa uongo. Alikuwa anamkirimu mgeni na kujisitiri, kama alivyofundishwa na kama alivyowafundisha wengine, na afisa mwenye uzoefu akielezwa hivyo huelewa, kwa kuwa wazee wa kila kabila humjibu vivyo hivyo.

Barua ya uamuzi iangalie tarehe yake. Kwa kawaida una siku 90 za kuomba shauri lisikilizwe na jaji wa jimbo, ambaye si mtumishi wa kaunti. Maelekezo yako nyuma ya barua hiyo hiyo, shauri linaweza kusikilizwa hata kwa simu, na mkalimani ni bure huko pia. Sambamba na rufaa unaweza kuiomba kaunti impime mama upya. Wapo wanaoanza na kupimwa upya kwa kuona kuna upole zaidi, lakini ukichagua hivyo usiache siku za rufaa zikapita huku ukisubiri kupigiwa simu.

Ndani ya mpango huo kuna kipengele ambacho wengi hawaambiwi mpaka waulize: uangalizi wa kumkinga mtu na madhara, kwa yule ambaye kumbukumbu, utambuzi au uamuzi wake umeharibika kiasi kwamba akiachwa peke yake ataumia. Daktari hujaza fomu yake maalumu. Kutoka alfajiri kwenda kituo cha basi kutafuta barabara ya nane ya Ngamiani ni tukio la aina hiyo hasa, na kwa kuwa polisi ndio waliomrudisha, huenda lina maandishi. Kipengele hiki kikikubaliwa, saa huongezeka sana, ingawa kikomo cha mpango mzima ni saa 283 kwa mwezi, ambazo hazifiki hata nusu ya saa za mwezi. Kwa hiyo watataka kujua nani anakaa na mama katika saa zisizolipwa. Hapo, dada yangu, swali la komeo litakuja tu, utake usitake.

Unaogopa kwamba ukilitaja watamchukua mama. Sitakudanganya kwamba hofu hiyo haina msingi. Maafisa hao wanalazimika kisheria kutoa taarifa wakishuku kwamba mzee anateswa au anatelekezwa, na wewe mwenyewe, kwa kazi yako, umefundishwa wajibu huo huo. Taarifa ikitolewa, hupelekwa kwenye kitengo cha kulinda watu wazima, ambacho huko California huhudumia walio na miaka 60 na kuendelea. Lakini kitengo hicho hakifanyi kazi kama kile cha watoto ambacho majirani zako wamekuhadithia. Kwa kawaida kazi yake ni kuja, kuuliza, kupima hatari na kuiunganisha familia na huduma, na mzee mwenye akili timamu anaweza hata kuikataa. Pale ambapo akili imeharibika kama kwa mama, mambo huwa mazito zaidi na siwezi kukuhakikishia yatakavyokwenda. Ninachoweza kusema ni kwamba ipo tofauti kubwa kati ya familia inayosema, "Tulimfungia kwa kuwa alitoka, tumeacha, na huu ndio mpango tunaoomba msaada wenu kuutekeleza," na familia ambayo zimamoto ndio waliolikuta komeo. Kabla ya kusema lolote, zungumza na mwanasheria wa msaada wa bure. Sheria ya Marekani ya mwaka 1965 kuhusu wazee inagharimia huduma hizo kwa wenye miaka 60 na zaidi, na shirika la Disability Rights California lina miongozo ya IHSS inayoeleza rufaa hatua kwa hatua.

Nilisema nitarudi kwenye mahali. Medi-Cal hugharimia vituo vya mchana vya watu wazima, ambako mzee hupelekwa asubuhi, akala, akaonwa na muuguzi, akafanyishwa mazoezi na kurudishwa nyumbani. Mtu anaweza kuwa na kituo na IHSS kwa pamoja. Mama anaweza asipende. Chakula kitakuwa kigeni na Kiswahili huenda asikisikie kwa kutwa nzima. Lakini ulizia, kwa sababu hata siku mbili kwa wiki ni siku mbili ambazo mlango haufungwi.

Kuhusu malipo yenyewe, yahesabu kwa makini kabla ya kuacha kazi. Kiwango cha saa hutofautiana kati ya kaunti na kaunti, na kinaweza kuwa chini ya unachopata sasa. Mama akilazwa hospitali, malipo husimama. Saa hupimwa tena karibu kila mwaka na zinaweza kupungua. Na siku atakapotangulia mbele ya haki, utakuwa umepoteza mama na ajira katika siku moja. Upande wa pili, kwa kuwa unaishi naye nyumba moja, mwongozo wa idara ya kodi wa tangu 2014 unakuruhusu kutolihesabu pato hilo katika kodi ya serikali kuu, na hiyo si nafuu ndogo. Ushauri wa dada wa Maskati una sehemu mbili: kutomtangazia kaka ni jambo la familia, lakini kwa kaunti mdomo haufungwi. Saa zinazoandikwa ziwe zile zilizofanyika kweli, na uliza mapema nani atazithibitisha kwa niaba ya mama ikiwa yeye hawezi, maana hapo ndipo watu wema huingia matatani kwa kutojua.

Sasa kaka. Nadhani anakupenda na anampenda mama, na nadhani pia yuko mbali na anaona uchungu wa kuwa mbali. Amesema mama hauzwi kwa saa. Ni maneno mazito, lakini wewe unauza saa zako kwa mama za watu wengine kila siku, na fedha hizo zinafika Tanga na hakuna aliyewahi kuziita aibu. Sikushauri umtupie hoja hiyo usoni. Itamshinda lakini haitamgeuza. Labda umwulize tu kinachomwumiza hasa: ni malipo, au ni kwamba mlipaji ni serikali? Kama ni serikali, basi hata kwetu si jambo geni tena. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumpa pensheni kila mzee wa miaka 70 na zaidi, na Kenya inawapa wazee wa umri huo shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa serikali wa Inua Jamii, na sijasikia mtu akisema kwamba watoto wa Unguja au Kilifi wamewauza wazazi wao. Kama ni thawabu, mimi si mwanachuoni. Mwulizeni nyote wawili sheikh mnayemwamini, na mwelezeni yote, pamoja na kwamba kodi ya nyumba anayolala mama inatoka katika saa zako za kazi.

Lipo neno moja la kaka ambalo sikuweza kulipita, nalo ni bure. Mke wake na binti zake watamwangalia bure. Wameulizwa? Kumvua mtu mzima nepi yenye uchafu, kumtuliza saa nane za usiku, kumlisha kijiko kwa kijiko, ni kazi ile ile Tanga na California. Huko inaitwa bure kwa sababu mfanyaji wake halipwi, na mfanyaji wake mara nyingi ni mwanamke aliyeolewa katika familia. Nikiwa mkweli, hapa naona kaka ametoa asichokuwa nacho. Wifi yako huenda yuko radhi kabisa, na binti zake pia. Mpigie yeye mwenyewe, mzungumze kwa muda mrefu, umweleze usiku wa mama ulivyo, kisha usikilize.

Maana kumrudisha mama si njia mbaya kwa asili yake, na sipendi uikatae kwa hasira. Tanga atasikia adhana na lugha yake, atakaa kibarazani, kutakuwa na watu wa kumwamkia. Pengine ndilo analoliomba anapotafuta barabara ya nane. Lakini wenye maradhi haya huomba kurudi nyumbani hata wakiwa wamekaa ndani ya nyumba waliyozaliwa, na ile Ngamiani anayoitafuta inaweza kuwa ni ya wakati baba yenu yu hai. Akiondoka, IHSS na Medi-Cal havimfuati, na mwenye grini kadi anayekaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi Marekani anaweza kuhesabiwa kuwa ameacha ukaazi wake. Mkienda kwa majaribio, ombeni kibali hicho kabla hajaondoka, kwani baadaye haitawezekana, na mjue ni nani wa kumtibu huko na dawa zake zitapatikana wapi.

Siwezi kukuamulia, dada yangu, na hata ningeweza nisingetaka, kwa kuwa siujui uso wa mama unapomvisha asubuhi. Zungumza naye katika saa yake nzuri, labda baada ya alfajiri akiwa ameshakunywa chai. Usimwulize kuhusu kaunti. Mwulize nani angependa akae naye unapokwenda kazini, na kama anapata tabu unapomwogesha. Jibu lake linaweza kuwa la maana au lisiwe, lakini mtakapokaa na kaka na wifi kwenye simu mtakuwa mnazungumza habari ya mtu aliyeulizwa.

Na ukiipigia simu kaunti, usianze kueleza kwa Kiingereza cha haraka haraka kwa kuogopa kuwapotezea muda. Taja lugha yako, subiri mkalimani aingie hata ikichukua dakika kumi, omba jina la unayezungumza naye uliandike pamoja na tarehe, kisha ndipo uanze: unataka mama apimwe upya, unataka fomu ya uangalizi kwa ajili ya daktari wake, na unataka kuzungumza na afisa bila mama kuwepo.